Panga la Ma Stephania

Kijiwe chetu pale Kihanga kina benchi moja, chupa moja ya kahawa na midomo mitatu. Kahawa namimina mimi, Prudensia, midomo naivumilia. Waziri ni Deodatus, mzee ambaye hajawahi kuongoza hata kikao cha harusi, ila mipango yote ya serikali anaijua. Satelaiti ni Pastory, ambaye habari zake zote zinatoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Diploma ni Jovin. Alisomea kilimo, anasubiri ajira mwaka wa tatu huu, na Jumatatu anapanda basi kwenda Mwanza kulinda ghala la watu. Asubuhi ile nilimjazia kikombe mpaka juu, maana alinitia huruma.

— Diploma, usiondoke, alianza Waziri. Kilimo ndicho chenye ajira kuliko vyote. Takwimu zinasema.

— Zinasema kaajiriwa nani?

— Takwimu hazitaji majina, mwanangu.

— Za zamani hizo! akadakia Satelaiti. Siku hizi ajira iko kwenye kuonja. Mtu anaonja kahawa, anatema, anasema "mmh", mshahara huo!

— Wewe mbona hutemi? nikamuuliza.

— Ndiyo maana sijaajiriwa.

Waziri hakukubali kupitwa.

— Miaka mitano ijayo migomba itapaliliwa na ndege zisizo na rubani. Watatafutwa vijana wa kuziongoza.

— Mitano? Mitatu! akaruka Satelaiti. Tena ndizi zitaota kiwandani, bila udongo, bila jua. Kazi itabaki moja tu, kuziimbia zisijisikie wapweke.

— Kwa lugha gani? akauliza Diploma.

— Kinyambo. Wa Mwanza hawapati kitu!

Hata Diploma alicheka. Ndipo akafika Ma Stephania, jirani yake Waziri, amebeba chane ya ndizi kwenye kanga. Tukamwamkia, akaitikia kwa haraka. Akaweka ndizi moja kwenye benchi na kuipasua. Nje ilikuwa imeiva kabla ya wakati wake, ndani kahawia tupu.

— Migomba sita imekuwa hivi, wanangu. Naikata, mingine inaanza. Huu ugonjwa unazuiwaje?

Waziri akachungulia kikombe chake. Satelaiti akasema mtandao leo haushiki. Diploma alikuwa ameshachuchumaa, anaigeuza ile ndizi.

— Mnyauko huu, Ma. Dawa hauna, ila kuzuilika unazuilika. Panga ulilokatia, ulilipitisha kwenye moto?

— Moto wa nini tena?

— Panga ndilo linalobeba ugonjwa, linautoa mgomba huu linaupeleka ule. Liko wapi sasa?

— Jana nimemwazima Deodatus.

Kikombe cha Waziri kikaishia njiani.

— Mzee, ulikatia nini? akauliza Jovin taratibu.

— Nilipunguza majani tu.

— Migomba mingapi?

— Shamba zima.

Hakuna aliyecheka. Lile shamba ndilo linalolisha wajukuu wake wote, na sote tunalijua. Waziri akainuka, akaushika mkono wa Jovin kwa mikono yake miwili, yeye na mvi zake.

— Shikamoo, bwana shamba. Hilo basi la Jumatatu haliwezi kwenda bila wewe?

Nilimsubiri Jovin ajibu. Alikuwa anavua viatu, tayari kuingia shambani kwa mzee.