Swali la Kwanza

Tangu basi litoke Matai, bibi aliyeketi jirani na Fortunata alikuwa akisubiri shikamoo ya mtoto aliyepakatwa na mama yake, Fortunata.

"Ana usonji, bibi, haongei," Fortunata akamwambia. "Tunaenda Sumbawanga kwa daktari, kuulizia mashine ya kuchochea ubongo kwa umeme mdogo."

"Umeme kichwani mwa mtoto! Ndiyo ataongea?"

"Hawajaahidi. Ni nyongeza tu. Mazoezi ya kuongea hatuachi." Akamwonyesha daftari. "Nina maswali saba. Daktari asiponijibu yote, hamgusi mwanangu."

Bibi, ambaye kwa kuogopa umeme hata swichi ya taa ya kwake huizima kwa ncha ya mwiko, akalikodolea macho daftari mpaka basi liliposimama Kasense. Akashuka na mfuko wake wa ulezi, kisha akagonga dirisha.

"Ongeza la nane: inauma?"

"Hilo ndilo la kwanza, bibi."