Mtihani wa Kuingilia Kampala

Treni ya asubuhi ilipotoka Makadara, Muthoki, karani wa miaka thelathini na minane, alifumba macho asinzie. Lakini mama aliyeketi mbele yake, mfanyakazi wa kiwandani aitwaye Nafula, alikuwa na furaha isiyojua kunyamaza. Tayari alikuwa amemwambia mzee wa pembeni, asiyemjua kabisa, kwamba bintiye amepata nafasi ya kusomea sheria Kampala.

"Hapa Kenya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ilimfungia mlango," alisema. "Kule walimpa mtihani wao wa kuingilia, akaupita."

"Hongera, mama," mzee akajibu. "Lakini mtihani wa pili ni wa nini? Kijana wangu alianguka ule wa kuingilia chuo Amerika. Akatafuta chuo kingine huko huko kisichoudai, na leo ni injinia."

"Basi wako alipitia dirishani, mzee."

"Mlango au dirisha, si yuko ndani?"

Wakacheka. Muthoki, ambaye hakuwa na desturi ya kusemezana na watu kwenye treni, alijikuta akiuliza, "Huko Kampala, watu wazima wanaotaka kusoma nao hupimwa?"

"Wana mtihani wao," Nafula akasema. "Kaufanye, dada."

"Usimtie hofu," mzee akadakia. "Atafute chuo kisichopima."

"Apimwe, ajijue."

Treni ikasimama mjini, nao wakashuka wakibishana bado. Muthoki alibaki kitini kidogo, akitabasamu. Tangu amalize shule, hakuna mtu aliyewahi kubishania masomo yake.