Swali la Kwanza Kwenye Fomu ya Binti

Benchi letu lipo kati ya kibanda cha fundi viatu na saluni ya kiume, mahali ambapo hata asiye na kazi huonekana ana shughuli. Wiki sita zilizopita chuo kikuu kilituletea barua: benchi limeteuliwa kuwa mshirika wa jamii, na sisi ni walezi wa binti anayesoma shahada ya pili, tumfundishe namna ya kukaa na wananchi. Tangu siku hiyo hatushikiki. Mimi wananiita Mhuri kwa kuwa nachonga mihuri, na wa benchi niliuchonga jioni ileile, wa duara, una nyota mbili. Leo asubuhi tulikuwa na fomu ya kumpima binti, ambayo gari la chuo lingepita kuichukua saa nne. Swali la kwanza likiachwa wazi, imeandikwa juu kabisa, mwanafunzi anarudia mwaka. Muuza kahawa alitumiminia, tukaanza.

Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa. Alikuwa tarishi wa ofisi kubwa miaka thelathini, akastaafu na sauti ya mkurugenzi.

Mheshimiwa: Soma, Mhuri.

Mimi: "Kwa sentensi moja, eleza utafiti wa mwanafunzi unahusu nini."

Watu wakanywa kahawa.

Wembe, ambaye ndiye kinyozi: Hilo ruka, tutalirudia. La pili linasemaje?

Mimi: "Mwanafunzi ni msikivu kiasi gani, kati ya kumi?"

Soli, fundi viatu: Mpe kumi. Yule binti anakusikiliza mpaka unaona vibaya kunyamaza. Nimemsimulia habari za mke wangu wa kwanza siku tatu mfululizo, hakupiga hata mwayo.

Mimi: La tatu. "Je, anazungumza na jamii kwa lugha rahisi?"

Zamu: Hapo sifuri. Sijamsikia akivuka shikamoo.

Zamu ni mlinzi wa usiku. Hupitia benchini akitoka lindoni, eti anakwenda kulala, na huondoka adhuhuri.

Soli: Angezungumza saa ngapi? Huyu Wembe akianza habari za timu yake hata kunguru wanahama.

Wembe: Mimi ni mlezi, na mlezi anaongea. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu wenyewe si ndio sisi?

Mheshimiwa: Turudi kwenye la kwanza. Saa tatu na nusu hii.

Soli: Viatu. Andika viatu, tumalize. Siku ya kwanza tu alikaa anatazama miguu ya wapita njia, halafu akaandika. Anatafiti soli zinavyoliwa upande mmoja. Mtu ambaye soli yake inaliwa upande wa kushoto, huyo ana siri nyumbani.

Wembe: Aliinama kwa haya tu, kakutana na wanaume watano wanaongea kwa pamoja. Baadaye alipozoea alitazama vichwa. Yule anatafiti vipara. Vinaongezeka, wakubwa wanajua, ila wanaona aibu kutangaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huo unaanzia utosini.

Zamu: Nyinyi mnalala usiku, ndiyo maana hamuoni kitu. Mimi nilimwona akihesabu hatua kutoka mtaroni mpaka hapa. Kumi na nne. Mtu hahesabu hatua za watu bure. Chini ya benchi hili kuna mafuta.

Soli: Mafuta gani?

Zamu: Ya kupikia yatafuata nini ardhini? Mafuta ya magari. Sisi tumekalishwa juu yake kama mfuniko, tupewe vyeo vya ulezi tusishtuke.

Mheshimiwa alicheka kidogo, kama mtu aliyeona faili ambalo wengine hawajaliona.

Mheshimiwa: Vijana, nimebeba mafaili miaka thelathini. Yule si mwanafunzi hata kidogo. Wahadhiri wa chuo wamechoka, wanatafutwa wengine, na safari hii wanatafutwa mabenchini. Hizi wiki sita tulikuwa kwenye usaili.

Tukanyoosha migongo. Soli alivua aproni yake ya ngozi akaikunja vizuri. Hata mimi, nisiwafiche, nilijiona nimevaa joho. Lakini nikaitazama tena ile nafasi tupu kwenye fomu.

Mimi: Namba yake si ninayo? Nimpigie nimuulize.

Mheshimiwa: Umesikia wapi mlezi anamwomba mwanafunzi jibu? Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza unayemfundisha ni kuvua nguo sokoni.

Wembe: Wewe andika "unahusu jamii". Jamii haikosi.

Mimi: Wameandika hapa chini: "Tafadhali usiandike jamii."

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, kandambili mguu mmoja na kiatu mkononi, mkanda umekatika. Alimpa Soli kile kiatu akakaa mwisho wa benchi kusubiri. Soli alishona, sisi tukaendelea. Vipara vilipata kura mbili, mafuta moja. Mama alisikiliza yote hayo mikono ikiwa mapajani.

Mama: Samahani, baba zangu. Huyo binti amekaa nanyi muda gani?

Mheshimiwa: Wiki sita, mama. Kila siku ya kazi.

Mama: Na ni nani kati yenu aliyewahi kumuuliza anasomea nini?

Soli alichoma sindano mahali alipokwisha kushona. Wembe alimtazama Zamu, Zamu akamtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akanitazama mimi, na mimi sikuwa na wa kumtazama. Niliona aibu, na haikuwa ya kutaniana. Mtoto wa watu alikuwa anakwenda kurudia mwaka kwa sababu wanaume watano hawakukosa la kusema.

Mama alichukua kiatu chake, akamlipa Soli, akatuaga kwa heshima zote. Ingekuwa afadhali atutukane.

Saa nne kasoro dakika chache binti akatokea, mkoba begani.

Binti: Shikamooni, baba zangu.

Tuliitikia marahaba kwa sauti ya watu walioko hospitali. Nikampa fomu. Aliisoma kutoka chini kwenda juu, akitabasamu kwenye ile kumi ya Soli, kisha akafika juu na tabasamu likaisha.

Binti: Hapa pa kwanza, baba, bado hamjapajaza.

Mimi: Binti, mbona wewe mwenyewe hukutuambia?

Binti: Chuoni tumefundishwa tusije tukajieleza. Tukae, tusikilize, mpaka jamii yenyewe ituulize. Kila asubuhi nilikuja nimejiandaa. Sentensi yangu ninayo, nimeikariri kwa lugha rahisi kabisa.

Alisema hivyo bila lawama, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. Mheshimiwa akavua kofia. Tangu astaafu sijamwona akimvulia mtu kofia.

Mheshimiwa: Basi ni kosa letu, na tunakuuliza sasa hivi. Binti yetu, unasomea nini?

Gari la chuo lilipiga honi kwenye kona. Nikafungua kalamu haraka nikaiweka juu ya mstari. Binti akashusha mkoba, akavuta pumzi, na uso wake wote ukachangamka.

Binti: Mimi ninasomea namna...

Wembe: Ngoja, ngoja, binti, usiseme kwanza. Nipe nafasi moja ya mwisho nibahatishe.

Zamu: Na mimi baada yake.