Mikeka ya Kuulizia Mkwe

Mwaka 1993, ndani ya basi la Bungu, mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia mzee mmoja wa Mahege picha ya video: binti kaenda likizo Ulaya, kakutana na mwanamume hotelini, siku ya saba wameoana. "Nimeiona mara nne, nacheka mpaka natoa machozi. Na mimi huangalia bure."

Mzee hakucheka. "Nani aliuliza kama huyo bwana ana mke kwao?"

"Wako likizo, baba, nani aulize?"

"Ndiyo maana wanaume hao wanapenda likizo."

Nilidhani anaionea tu picha ya watu. Kumbe alikuwa na lake. Alipigapiga mikeka aliyoipakata. "Kijana wa Bungu kaleta posa kwa binti yangu, anaapa hajaoa. Hii nitajifanya naiuza nyumba hadi nyumba, nipate kuwauliza majirani." Siri hiyo alimpa mtu asiyemjua, kwa sauti iliyomfikia hata dereva.

"Anafanya kazi gani?" mwanamke aliuliza, kicheko kimemwisha.

"Anaonyesha video. Jina lake Gharibu."

Basi likasimama Bungu. Mwanamke akaichukua mikeka, akajitwika. "Anzia kwangu, baba. Saa hizi mume wangu anawasha jenereta ya video."