Bu Wuryani na Riwaya ya Kurasa Elfu Moja Mia Moja na Nne

Bu, yaani Mama, Wuryani Hastuti anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, baada ya kukaa miaka thelathini na miwili kwenye meza ya kuazimisha vitabu ya maktaba yetu ya Sumberwaras. Mkuu wa maktaba aliniomba niandike wasifu wenye heshima. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, shule niliishia darasa la tano, na heshima yangu ya siku huwa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Mnivumilie.

Aliajiriwa mwaka 1987 akiwa mwembamba, na picha zipo. Alipanga upya kadi zote, akafukuza panya, kisha akamwondoa mkuu mmoja aliyekuwa akilala chumba cha magazeti.

Lakini kilichompa jina ni sharti lake. Rafu ya juu ina riwaya ya Suwandi Prabaswara, mwandishi pekee ambaye wilaya hii imewahi kumzaa, kurasa elfu moja mia moja na nne. Hakuna aliyeigusa kabla ya kusoma kile kitabu chembamba cha maisha ya mwandishi na kuhojiwa mezani. Alioa wake wangapi? Aligombania nini na kaka yake? Figo ipi ilimuua? "Huingii nyumbani kwa mtu bila kumjua mwenye nyumba," Bu alisema. Wanafunzi waliandika majibu viganjani. Mwalimu mmoja alifeli mara mbili akahamia wilaya nyingine, na mpaka leo anadai ulikuwa uhamisho wa kawaida.

Mimi nilijua jambo, nikalinyamazia. Kile chembamba nimekijalidi upya mara sita. Riwaya haijawahi kufika kwenye gundi yangu. Ukiifungua inalia kama kiatu kipya.

Mwaka jana mwezi wa pili akaja Pak, yaani Bwana, Tarmuji, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Tangu ujana alisikia kwamba marehemu baba yake, mpika sukari, yumo ndani ya riwaya ile. Alitaka kumsoma kwa macho yake mwenyewe, na macho yenyewe yalikuwa yanaondoka: presha ya macho, daktari alimpa miezi michache tu. Bu akamkabidhi kitabu chembamba. Pak akainama, akasema, "Ndiyo, Bu." Mtu aliyelelewa vizuri kwetu hamwambii mwenye meza hapana.

Akakisoma miezi minne. Kila akija kuongeza muda, Bu alitutambia kwenye chumba cha chai: "Huyo ndiye msomaji. Hana papara."

Siku ya maswali alijibu yote, hata figo. Bu akapanda ngazi mwenyewe, akaishusha riwaya, akaifuta vumbi. Pak akaifungua, akaisogeza puani, akaipeleka dirishani, akaifunga.

"Kitabu kizuri, Bu. Kizito."

"Hujasoma hata mstari, Pak."

"Kwa macho ya mwezi wa pili ningesoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bu hukuuliza."

"Ningeulizaje mambo ya mwili wa mtu? Si utovu wa adabu huo?"

"Ndiyo hivyo, Bu. Tumeheshimiana mpaka macho yameisha."

Bu Wuryani akavaa miwani, akaanza kumsomea kwa sauti palepale, foleni ikisubiri. Ukurasa wa pili alikuwa anajikwaa kwenye majina kama mgeni aliyeingia harusi isiyo yake. Wa tatu akasimama. "Pak, hata mimi sijawahi kukisoma." Foleni nzima ikainua macho kutazama dari. Alisema aliyapenda mno maisha ya yule mtu, akaogopa kitabu kisije kikamwaibisha. Miaka thelathini na ushee amelinda mlango wa nyumba asiyoijua hata sebule.

Sharti likafutwa siku hiyohiyo. Tangu hapo anamsomea kila Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni Bu alikuwa anakatiza kila ukurasa: huyu ni mama mkwe wa mwandishi, yule ni kaka yake. Pak akamwambia, "Soma, Bu. Mama mkwe tulishamzika kwenye kile kitabu kingine."

Ukurasa wa 640, mwezi uliopita, akatokea mpika sukari anayeimba vibaya hadi ng'ombe wa mikokoteni wanageuka. Kwenye kile chembamba hayumo hata kwa jina. Pak Tarmuji akaweka kiganja mezani. "Ndiye. Nyumbani tulimkataza."

Bintiye Bu anamsubiri mji wa mbali wa Balikpapan, chumba kimeshapakwa rangi. Bu amemwandikia kwamba atakwenda riwaya ikiisha. Pak Tarmuji, mwenye masikio ya kusikia mjusi akitembea nyumba ya jirani, siku hizi kila kikao anasema, "Samahani, Bu, pale kwa mzee sikusikia vizuri." Bu anarudi nyuma kurasa tano. Wote wawili wana adabu sana, hakuna anayeuliza.

Bu Wuryani, ahsante kwa miaka yote, na kwa panya. Meza unaiacha Ijumaa. Kiti chako cha Jumanne kiko palepale. Tunakuombea sauti isiyokauka, miwani isiyovunjika, na binti mwenye subira. Leo mko ukurasa wa 645. Juma lililopita mlikuwa wa 648.