Dafrosa wa Puge, Mshonaji wa Vifuniko vya Baiskeli

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Dafrosa, mshonaji wa Puge, wilayani Nzega. Alifariki mwezi Machi, siku ya mvua. Hilo la mvua nitalirudia.

Dafrosa alishona vifuniko vya baiskeli. Alichukua mifuko ya sandarusi iliyokuwa na mbolea, akaifumua, akaifua kwa majivu mara tatu. Kwa nini mara tatu? Kifuniko chake cha kwanza hakukifua vizuri. Chumvi ya mbolea ikala keria, na mumewe, Silasi, akamgombeza siku mbili nzima. Tangu hapo hakukosea tena. Alitia mikono miwili ya usukani, na tundu la kengele. Mimi niliyejifunza hesabu kwenye masomo ya jioni nilimwona akipima kwa shubiri, bila rula, na kifuniko kikakaa sawasawa.

Baiskeli yao waliinunua kwa pamba waliyolima wote wawili. Aliyeipanda ni Silasi peke yake, tena kiangazi tu. Masika ilifunikwa. Dafrosa alikwenda sokoni kwa miguu, mzigo kichwani. Jirani yao, Samweli, alizoea kutania: "Silasi, baiskeli yako imevaa koti, mkeo analowa!"

Silasi alijibu, "Mke hashiki kutu."

Watu walicheka. Nilikuwepo. Nami nilicheka.

Asubuhi ile ya Machi Dafrosa aliamka kifua kimembana, hawezi kusimama. Mvua inanyesha. Mdogo wake, Eustadia, alinisimulia hivi: "Nilimwambia Silasi, shemeji, ifunue hiyo baiskeli tumpakie, tumwahishe zahanati. Akasema, bondeni ni tope tupu, ngoja mvua ikatike. Nikaanza kupiga kelele. Dada akanishika kanga, akasema, 'Acha, mdogo wangu. Ikilowa atanuna mwezi mzima.'"

Wakangoja. Ikafika saa mbili. Saa tatu. Saa nne. Eustadia akachoka kungoja, akawaita majirani, wakambeba Dafrosa kwa kitanda cha kamba, kwenye mvua ile ile. Kufika zahanati, mganga akauliza, "Mbona mmechelewa hivi?" Dafrosa alifariki kabla ya saa sita.

Nilipokwenda kuhani, Silasi alinishika mkono, hakuuachia. "Mzee wangu, huko redioni useme nilikuwa nangoja mvua ikatike tu."

Nimesema, Silasi. Watu wamekusikia.

Eustadia, pole sana. Poleni ukoo mzima, na majirani mliobeba kile kitanda. Na wewe Silasi, pole. Sisi wengine tuliocheka, leo kila mmoja atazame nyumbani kwake, aone ni kitu gani anakitunza kuliko mtu. Asimuulize jirani. Ajiulize mwenyewe.

Dafrosa alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mvua ile ilikatika saa nane mchana.