Historia ya Marehemu Renatha Kokugonza Lwakatare wa Maabara ya Panya

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa Kagoma na wa Kamachumu, ndugu zetu Waislamu mliotoka Bukoba mjini tangu alfajiri, na waombolezaji wote, mimi naitwa Rwegasira Lwakatare, marehemu ni dada yangu tulioachiana ziwa, na familia zote mbili zimenituma niwasomee historia yake. Naomba mnivumilie, kwa sababu kuna sehemu nimeiandika mwenyewe jana, wazee hawajaipitia.

Marehemu Renatha Kokugonza alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, tarehe 14 Aprili 1979, Jumamosi Kuu, siku chache baada ya redio kutangaza kwamba Kampala imeanguka, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Ta Lwakatare na Ma Klaudia, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari mwaka 1994 hadi 1997, kisha akaenda Morogoro kusomea ufundi wa maabara za wanyama, akahitimu mwaka 2001.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika idara ya mifugo, kazi yake ikiwa kuchukua damu za ng'ombe katika vijiji vya Muleba, na huko ndiko alikofahamiana na mwalimu Rwekaza wa hapa Kagoma, wakafunga ndoa takatifu tarehe 26 Julai 2003, wakajaliwa watoto wawili, Evelyne aliyezaliwa mwaka 2005, na Rutashobya aliyezaliwa mwaka 2009.

Mwaka 2008 marehemu alihamia Bukoba mjini, katika kituo kidogo cha utafiti wa lishe, chini ya Daktari Yasmin Hussein, na kazi aliyoifanya pale wengi wenu mmekuwa mkiiita kufuga panya. Naomba niieleze kidogo, maana ndiyo iliyokuwa maisha yake. Panya wale weupe walichomwa sindano ya kemikali inayoleta saratani ya matiti, wengine walilishwa chakula cha kawaida, wengine chakula kilichoongezwa seleniamu na zinki, madini ambayo mwili unayahitaji kidogo mno, lakini husaidia kuzuia chembe zake zisiharibike. Kila Jumatatu marehemu alimshika panya mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto, akampapasa kifuani na tumboni kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akaandika uvimbe uko wapi na una ukubwa gani, na Daktari Yasmin amenihakikishia kwamba vidole vya Renatha viligundua uvimbe mdogo kama punje ya mtama, kabla kifaa chochote pale hakijaugundua.

Jaribio la kwanza lilimalizika mwaka 2019, na panya waliopewa madini kabla ya kuchomwa sindano walipata uvimbe mchache kuliko wenzao. Habari hiyo ilifika kijijini ikiwa imeshabadilika, watu wakasema Renatha wa Ta Lwakatare amepata dawa ya kansa, na mimi nilikuwa mmoja wa walioisambaza.

Jumapili tarehe 8 Januari 2023, baada ya misa, dada alinivuta pembeni nyumbani kwake, akaniambia, "Rwega, nimejipapasa, nimekuta kitu ziwa la kushoto." Aliniomba nisimwambie shemeji. Jumatano yake nilipanda gari kwenda mjini, nikanunua vidonge vya seleniamu katika duka la dawa, nikampelekea.

Alivishika, akasoma maandishi, akanirudishia. Akasema, "Hii siyo tiba. Wale panya walipewa kabla hawajaugua."

Nami nikamjibu, "Hata wewe hujaugua, ni kauvimbe tu. Anza sasa hivi, meza viwili viwili."

Hayo ni maneno yangu, ndugu waombolezaji, nimeyasema kwa kinywa hiki, na mwishowe alivipokea, akaanza kumeza.

Mwezi uliofuata kituo kilianza jaribio la pili, kutaka kujua kama madini yale yanaweza kupunguza uvimbe ambao tayari umeshatokea. Vizimba vilipakwa rangi, vingine bluu, vingine njano, na rangi ipi ililishwa madini ilikuwa siri iliyofungwa katika bahasha, ili anayepapasa asijidanganye. Lakini marehemu alikuwa mtu, na kufikia mwezi wa sita alianza kuona kwamba uvimbe wa panya wa bluu unakua polepole zaidi, tofauti ndogo mno, lakini aliiona, akaniambia kwenye simu, sauti ikiwa nyepesi kama alipokuwa msichana, "Bluu wanakwenda vizuri." Niliruka kwa furaha. Nilimwambia aongeze vidonge, naye akaongeza.

Kufikia mwezi wa nane kucha zake zilikuwa zinakatika, nywele zinabaki kwenye kitana, na pumzi yake ilinuka kitunguu saumu wakati hakuwa amekila. Alijua maana yake, alikuwa ameshaiona kwa panya waliozidishiwa. Aliacha kumeza, lakini hospitali hakwenda. Nilipomuuliza kwa nini, alisema jaribio limebakiza wiki chache, hakuna mwingine wa kupapasa. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Mama mkwe wake, aliyezikwa kibanja hiki hiki, alikatwa ziwa mwaka 2014, na bado alifariki mwaka uliofuata, na Renatha ndiye aliyemuuguza.

Bahasha ilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2023. Daktari Yasmin ameniruhusu niseme yaliyotokea. Bluu walikuwa wamelishwa chakula cha kawaida. Wa madini walikuwa njano, na baada ya hesabu zote kufanywa, hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, uvimbe ulikuwa umekua kwa wote. Marehemu akasema, "Andika hivyo hivyo, Daktari," na baada ya hapo akafungua vifungo vya koti lake la maabara, akamwonyesha.

Siku ya pili Daktari Yasmin alimpeleka yeye mwenyewe hospitali Bukoba, kinyama cha uvimbe kikachukuliwa kupimwa, akapewa rufaa kwenda Mwanza, na huko wakatuambia ugonjwa umeshafika kwenye ini na mifupa. Daktari kijana alimuuliza, "Mama, wewe unaijua kazi hii, mbona umekaa nayo miezi tisa?" Dada alimtazama, akamjibu, "Nilikuwa nasubiri panya." Yule kijana alidhani amechanganyikiwa.

Alipata dawa za dripu mara sita katika mwaka 2024, na mionzi ya mgongo kwa ajili ya maumivu, na kuanzia Novemba hakuweza kutembea. Tuliomba, tulifunga, tulisomesha misa. Haikusaidia, na sitawaambia kwamba ilisaidia. Mwezi uliopita nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwomba msamaha kwa ajili ya vile vidonge. Aliniambia, "Nilivimeza mwenyewe, Rwega. Usinipunguzie akili." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, akaomba ageuzwe upande.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, hapa Kagoma, mume wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, ndugu zake, na mimi. Jaribio halikuendelea, na chumba cha panya sasa kinawekwa magunia.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na Mwanza, Daktari Yasmin na wafanyakazi wenzake, Bi Maulida jirani yake wa mjini, aliyemwogesha kwa miezi minne kama mwanawe, walimu wanaofundisha na shemeji, na majirani wa Kagoma mliochimba kaburi katika mvua ya jana.

Ma Klaudia ameniomba niseme neno la kumfariji yeye na wajukuu wake. Waitu Mama, nimelitafuta tangu Alhamisi, sikulipata.

Dada yangu Renatha, Mungu akupumzishe kwa amani. Mimi nimemaliza kusoma.